Gego la Mbuzi Asiyezaliwa

Nilipanda basi kutoka Kibondo kwenda Kasulu nimepakata ndoo ndogo yenye mfuniko, na ndani ya ndoo mlikuwa na kichwa cha mbuzi ambaye hakuwahi kuzaliwa. Nilikifunga kwa kitambaa chenye chumvi, nikakizungushia mfuko wa nailoni, na juu yake nikapanga vitunguu. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia vitunguu. Akaniangalia, akaiangalia ndoo, akasema hajawahi kuona vitunguu vikikumbatiwa kama mtoto mchanga. Nikageukia dirisha. Ningeanza kueleza hapo tungefika Kasulu tumeshagombana.

Mimi ni tabibu wa meno. Mdomo wangu ni mkali, watu wa Kibondo wanaujua. Mtu akija na jino lililooza hadi shina, akaniambia ameanza kuumwa jana, namwambia asinifanye mtoto. Lakini mkono wangu ni mwepesi, na hilo nalo wanalijua, kwa hiyo wanavumilia mdomo kwa ajili ya mkono. Wapo wanaotoka makambini, wanaonieleza kwa Kiswahili chao cha Kongo kwamba jino iko inawasumbua, na wapo watumishi waliohamishiwa huku kutoka mikoa ya mbali, wanaotaka kwanza nihakikishe kwamba sindano ni mpya. Wote wakishafungua kinywa wanakuwa watu wa aina moja.

Kilichonipeleka Kasulu na ndoo ile ni simu ya binti yangu. Ameolewa mjini Kasulu, kwenye familia ya wafanyabiashara Waislamu wenye duka la vitambaa, na wiki hiyo mume wake alikuwa Dar es Salaam kufuata mzigo. Kwa vile mtoto wao ni wa kwanza na mchanga, na nyumba ilikuwa kimya, alimbeba akaenda naye kijijini Kitanga kwa mama yangu apate mtu wa kumsaidia. Alinipigia kutoka huko, akiongea chini chini, nikajua kajificha nyuma ya jiko.

Mtoto ana homa, akasema, na anaharisha. Bibi kamfungua kinywa, kaona fizi za chini zimevimba na zimefanya weupe, kasema ni meno ya plastiki. Kashaagiza fundi. Fundi anakuja Jumapili baada ya ibada.

Nilimwambia ambebe mtoto saa ile ile ampeleke zahanati, mengine tutazungumza baadaye. Akampeleka. Wakampima wakamkuta na malaria, wakampa dawa, wakampa na pakiti za maji ya chumvi na sukari za kuchanganya nyumbani. Kesho yake homa ikashuka. Kuharisha kukaendelea. Mama yangu akasema dawa ya zahanati imekata matawi tu, mzizi bado umo kwenye ufizi, na fundi atakuja kama alivyoagizwa.

Binti yangu hakuniambia kwamba amekataa. Hakuniambia kwamba amekubali. Aliniambia, "Mama, njoo."

Asiyelelewa huku pengine hayajui meno ya plastiki. Mtoto akikaribia kuota meno, pale chini ya ufizi, mahali jino la chonge litakapotokea siku moja, panavimba kidogo na kufanya weupe. Ni miezi ile ile mtoto anaanza kuonja uji, kuokota vitu chini na kuvitia kinywani, kwa hiyo ni miezi ile ile anaharisha na kupata homa. Mzazi anayaona mawili kwa pamoja, anayafunga kamba moja. Anaitwa fundi, mwanamume au mwanamke mwenye spoku ya baiskeli iliyonolewa. Anapasua ufizi, anachokoa, anatoa kitu cheupe, laini, kidogo kama mbegu ya tango, anakionyesha. Haya, plastiki hiyo. Na mama anakiona kwa macho yake mwenyewe, sasa utamwambia nini? Wako watoto waliovuja damu hadi wakafa. Wako waliopata sumu kwenye damu kwa sababu ya spoku ile. Nawajua kwa sababu nimewashika. Na kile cheupe kinachotolewa si plastiki wala mdudu. Ni jino ambalo halijamaliza kujengwa.

Mimi mwenyewe nilitolewa. Chini, upande wa kushoto, pale ambapo jino la chonge lingekaa, nina pengo. La upande wa kulia liliota likageuka, limenionyesha ubavu maisha yangu yote. Wagonjwa wananitania, eti tabibu wa meno mwenye pengo, na mimi nawajibu kwamba hata fundi viatu anaweza kutembea peku. Sikulia kwa ajili ya pengo lile. Nililizoea kabla sijajua kwamba wengine hawana.

Lakini kulikuwa na jambo jingine nyuma ya pengo. Kabla yangu mama yangu alizaa mtoto wa kiume. Alipofika umri huu huu wa kitukuu wake, akaanza kuharisha na kuwaka homa. Majirani wakamwambia aitwe fundi. Mama alikuwa binti mdogo, aliogopa damu, akasema ngoja kwanza. Mtoto akafa. Nilipozaliwa mimi na fizi zangu zikafanya weupe, hakungoja mtu. Akanifunga mgongoni akanipeleka mwenyewe. Nikapona.

Nyumbani kwetu hadithi ilikuwa hiyo. Kaka alikufa kwa sababu mama alichelewa, na mimi niko hai kwa sababu aliwahi. Hakuwahi kuisimulia kwa machozi. Aliisimulia akichambua maharage, kwa sauti ile ile ya kusema mvua imechelewa mwaka huu. Na kila nilipojaribu kumweleza habari za meno ya plastiki, mimi niliyesomea, mimi ninayewafundisha wazazi wa Kibondo kwa mabango yenye picha, aliniuliza swali moja tu: ningekuwa wapi? Kumwambia kwamba hakuniokoa, nisingeweza. Basi tukawa tunaliruka jambo hilo kama shimo la njiani, miaka nenda miaka rudi, mpaka lilipomfikia mjukuu wangu.

Nilipoikata simu ya binti yangu nilijua maneno hayatatosha. Mama yangu amefuga mbuzi tangu utoto. Mbuzi anamjua nje na ndani. Nikasema, nikiweza kumwonyesha jino likijengwa, kwenye mnyama asiye na fundi wala majirani, huenda.

Nikaenda machinjioni. Pale Kibondo kuna mchinjaji niliyewahi kumng'oa gego lililomnyima usingizi, mtu wa swala tano, msafi wa maneno. Najua kwamba mbuzi wa mimba hachinjwi kwa kupenda, lakini wauzaji wengine hawasemi, na mimba ikiwa changa haionekani, hivyo mara moja moja anakuta kijusi tumboni. Hakiuzi. Anakichimbia nyuma ya banda. Nikamwomba, kikitokea leo au kesho, anipe kichwa chake. Akaniuliza cha nini. Nikamwambia nataka kuona magego.

Alinitolea macho. Akasema wallahi, tangu ashike kisu hajasikia ombi la namna hiyo, na kama si mimi niliyemwondolea yale maumivu angeita watu. Hata hivyo kikatokea. Alinipa kimefungwa kwenye gazeti, akiangalia pembeni, akanisihi nisimtaje. Simtaji. Mbuzi angekuwa na nusu ya safari tumboni na zaidi kidogo, kichwa kinaenea kwenye kiganja, macho hayajafunguka, manyoya ndiyo kwanza yanaota juu ya midomo.

Nikakipasua taya jikoni kwangu mchana, karibu na dirisha, kwa kisu changu kidogo na lenzi ya mkononi. Sitasema uongo, nilisahau kidogo nilichokuwa nakitafuta. Nilifundishwa haya chuoni, kwa michoro ubaoni, na niliyajibu kwenye mtihani. Kuyaona ni jambo lingine.

Jino halianzi kama jino. Linaanza kama ngozi laini ya kinywa inayonenepa mahali fulani na kuzama kwenda chini, mfano wa chipukizi lililogeuzwa kichwa chini. Chipukizi linapanuka, linajikunja, linakuwa kama kofia, na chini ya kofia kuna nyama laini itakayokuwa moyo wa jino. Sasa katikati ya ile kofia hutokea kifundo kidogo mno, cha chembe hai zilizoacha kuzaana. Chenyewe kimetulia. Lakini kinazipelekea jirani zake ujumbe kwamba zizaane, nazo zinazaana, zinaongezeka, zinakosa pa kwenda, zinashuka pembeni. Ndiyo kusema kile kifundo kinabaki juu bila kupanda popote, kwa sababu walio kando yake wameshuka. Kikimaliza kazi kinakufa.

Jino la mbele linatosheka hapo. Gego halitosheki. Kwenye gego vinatokea vifundo vingine, kimoja kimoja, na kila kimoja kinakaa mahali patakapokuwa kilele cha jino, vile vinundu vya kutafunia unavyovigusa kwa ulimi. Na kila kifundo kinazuia kingine kisitokee karibu yake. Kinachofuata hakina budi kusogea mpaka mahali ambapo katazo la wenzake limefifia, ndipo kinatokea. Vya kwanza vinakuwa virefu, vya mwisho vinachukua nafasi iliyobaki. Hakuna mchoro uliowekwa mahali ukifuatwa kilele kwa kilele. Yupo wa kwanza, yupo jirani yake, ipo nafasi kati yao, basi. Badilisha nafasi kidogo, au wa kwanza achelewe, na gego zima linakuwa gego jingine. Binadamu anapata vilele vya mviringo, mbuzi anapata vya mwezi mchanga, panya anapata vya kwake, na kazi ni ile ile.

Ugumu huja baadaye, na huanzia juu. Kila kilele kinavaa kofia yake ndogo ya ganda gumu, peke yake, na ganda linateremka taratibu kwenye mteremko mpaka linakutana na la jirani bondeni. Kabla hayajakutana, gego ni visiwa vitupu juu ya nyama laini. Ndivyo nilivyolikuta gego la nyuma la yule mbuzi. Nilipouondoa ufizi palikuwa na kitu cheupe kinachoteleza, na juu yake vijiganda vidogo, kimoja hapa, kimoja pale, havijajuana bado. Nilikaa na lenzi mkononi, nikaona aibu kwamba nimeng'oa magego miaka yote hii na sikuwahi kuliona hata moja likija.

Jumamosi hiyo, kutoka Kasulu nilichukua bodaboda mpaka Kitanga. Nyumbani muhogo ulikuwa umeanikwa juu ya mwamba, unanuka vile unavyonuka, na mama alikuwa uani na mtoto mgongoni, amelala. Nikamwamkia, akaitika. Mtoto nikamgusa: homa hana, lakini macho yameingia ndani kidogo na shavu limelegea. Binti yangu alikuwa mlangoni na kikombe cha yale maji ya pakiti na kijiko. Aliniangalia kwa macho ya mtu aliyekuwa anahesabu magari yanayopita barabarani.

Mama akauliza kuna nini kwenye ndoo. Nikamwambia ukweli, kumdanganya siwezi. Akamfungua mtoto mgongoni, akampa binti yangu, akawaambia waingie ndani na mlango waufunge. Kisha akanigeukia.

"Oya," akasema. "Kisichowahi kuvuta pumzi hakisogezwi alipo anayeanza kuvuta."

Kwa Kiha oya ni hapana, na kwa mama yangu ni hapana isiyojadiliwa. Nilifikiri nimeshaharibu. Tabibu mzima, nimesafiri na kitu ambacho hata mtoto wa darasa la pili wa Kitanga angejua hakiingizwi kwenye nyumba ya mzazi. Lakini mama hakunifukuza. Alitangulia mpaka mwisho wa uwanja, nyuma ya mwamba wa muhogo, akaketi kwenye kigoda akanielekeza niketi chini. Nikamwomba sinia. Akasema sinia lake haliwekewi vitu hivyo. Akakata kipande cha jani la mgomba, akakitandaza kati yetu.

Nikaliweka taya juu ya jani. Nikaufunua ufizi kwa ncha ya kisu, nikaanza somo langu. Sikufika mbali.

"Ndiyo hayo," mama akasema.

Akainama, akayaangalia kwa makini, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyethibitishiwa. Akapaza sauti kumwambia binti yangu aliyeko ndani kwamba kumbe hata mbuzi wanayo, meupe, laini, yale yale, na mama yako ndiye kayaleta mwenyewe kutoka Kibondo.

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Nimepakata kichwa cha mbuzi njia nzima, nimechekwa kwa ajili ya vitunguu, na sasa nimekuwa shahidi wa fundi! Mimi ni mtu wa kupiga kelele, na kelele ilishafika kooni. Ila niliuona mkono wake. Alikuwa ameshika ukingo wa lile jani kwa vidole viwili, kwa uangalifu ambao haukumhusu mbuzi.

"Lako lilikuwa hivi hivi," akasema. "Walinionyesha kwenye jani."

Kelele ikashuka yenyewe. Sikuwa najua habari ya jani. Kwenye hadithi yetu jani halikuwamo. Niliona binti mdogo, mwenye mtoto anayelia na kuvuja damu mikononi, anaonyeshwa kitu cheupe juu ya jani na kuambiwa hiki ndicho kilichomuua wa kwanza. Angeamini nini kingine?

Nikaacha somo. Nikamshika kidole chake, nikakiweka juu ya lile gego, nikamwambia aguse. Akagusa. Akasema kuna mchanga.

Nikamwambia si mchanga, ni vilele vya gego, vinaanza kukomaa kwa juu na vitashuka mpaka vikutane. Nikachukua ncha ya sindano nikakiinua kimoja, nikakiweka juu ya ukucha wake. Kilikuwa chepesi kiasi kwamba alizuia pumzi asije akakipeperusha. Chini yake nyama ilikuwa na umbo lile lile, laini, ikisubiri. Nikamweleza vile vifundo, jinsi kimoja kinavyokaa na kuvizuia vingine visikikaribie, na cha pili kinavyosogea mpaka kipate nafasi. Akauliza nani anavipimia nafasi. Nikamwambia vinapimiana vyenyewe. Akafikiria, akasema basi ni kama wanawake wanaopanda maharage bila kamba, kila mmoja anaangalia alipo mwenzake. Nikasema ndivyo.

"Kwa hiyo huu ulaini si ugonjwa," akasema.

"Ni jino halijaiva. Ukilichokoa sasa, unatoa jino."

Kuku walikuja kuchungulia jani, akawafukuza kwa mkono bila kuwaangalia. Kisha akaniuliza kama yule mbuzi alikuwa anaharisha. Nilidhani ananitania, kumbe hapana, uso wake ulikuwa umetulia. Nikamwambia huyu hakuwahi hata kunyonya, hakupata siku moja ya homa wala ya jua, na magego yake yalikuwamo tayari, yanajengwa.

"Yalikuwamo," akasema.

"Yalikuwamo, mama. Yangu pia. Na ya huyo aliyeko ndani. Yanaanza mama mtu hajajua vizuri kama ana mimba. Homa inakuja baadaye na njia yake."

Sasa alikuwa haangalii jani tena. Alikuwa anaangalia mwamba wenye muhogo, na nikaona midomo yake inapanga kitu. Nilijua anakoelekea kabla hajafika. Miaka yote niliogopa nusu moja tu ya jambo hili. Niliogopa kumnyang'anya ile imani kwamba aliniokoa. Sikuwahi kufikiria kwamba nusu ya pili nilikuwa nimemnyima.

"Na ya yule wa kwanza?" akauliza.

"Na ya yule."

"Basi sikuchelewa."

Hakuuliza. Lakini nilimjibu, kwa sababu ilibidi asikie kutoka kwa mtu mwingine. "Hukuchelewa, mama. Hakukuwa na kitu cha kuwahi kwenye ufizi wake. Aliishiwa maji mwilini. Hata angekuja fundi siku ile ile, asingepona."

Mimi nililia. Yeye hakulia. Alikitoa kile kiganda kwenye ukucha wake, akakirudisha taratibu juu ya taya, karibu na pale kilipotoka. Halafu akaniangalia mdomoni, mahali pa pengo, na lile nililoliogopa likaja.

"Na wewe nilikuumiza bure."

Nikamwambia kwamba pengo halijawahi kuninyima ugali. Akasema ugali sikunyimwa, ila wachumba wawili watatu huenda walitazama wakapita. Nikacheka na machozi yangu. Akacheka pia, kwa pumzi tu, kisha akainuka akasema jua linashuka na muhogo haujaanuliwa.

Hakusema lolote kuhusu fundi. Tulianua muhogo, tukasonga ugali, tukala na samaki, migebuka niliyoinunua Kasulu, na mimi nikapokezana na binti yangu kumpa mtoto yale maji, kijiko baada ya kijiko. Nilitaka kumuuliza mama ameamua nini, na mara hii nikauzuia mdomo wangu. Binti yangu aliniuliza kwa macho. Nikamjibu kwa macho kwamba sijui.

Asubuhi mtoto alikunywa vizuri, akakojoa vizuri, na mimi nikashukuru kwa mkojo kama mtu aliyeshinda kesi. Mama alikwenda kwenye ibada peke yake. Aliporudi hakubadilisha nguo. Alikaa kwenye kigoda mahali njia inapoingilia uani, akiwa na kitenge chake kizuri, na pale akangoja.

Fundi alikuja akikokota baiskeli. Alikuwa mzee mpole, mwenye kofia ya sufi, akamwamkia mama kwa heshima kama anavyoamkiwa mtu anayejulikana. Nilisogea nikasimama nyuma ya mama, tayari. Sikuhitajika. Mama alimweleza kwa Kiha, bila kukasirika, kwamba amemsumbua, kazi haipo, mtoto meno yake yako kwenye kujengwa na yaachwe. Fundi akanitazama mimi, akaelewa limetoka wapi. Akasema sawa, ila mtoto akitutoka isije ikasemwa kwamba yeye hakuja.

Mama akainuka kwenye kigoda.

"Nimejilaumu tangu ujana wangu kwa mtoto ambaye sikumkosea," akasema. "Imetosha. Huyu hashikwi."

Mzee akageuza baiskeli. Mama alimtazama mpaka akapotea kwenye migomba, ndipo akaniambia nikachukue ile ndoo na lile jani. Tukachimba pamoja nyuma ya mwamba, nikakiweka kichwa cha mbuzi na taya lake chini, yeye akafukia kwa jembe na kusawazisha kwa mguu. Alinawa mikono kwa sabuni, akainawa tena, akaingia ndani akamchukua kitukuu wake kwa binti yangu. Akamfungua kinywa kwa kidole gumba, akaziangalia zile fizi nyeupe kwa muda. Akazifunika.

Kisha, bila kumwangalia yeyote kati yetu, akalitaja jina la kaka yangu. Nilikuwa sijawahi kulisikia.